Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: maktaba iliyo ndani ya Ngome

Ndugu wanachama, wazee wetu, walimu na vijana, asalaam aleikum.

Mkutano mkuu uliopita ulitupa kazi: tuandike habari za maktaba yetu ya Lamu kabla wanaozikumbuka hawajatutoka. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitawaeleza tulipofika katika kazi hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyochukua muda wetu mwingi.

Tulianza na jengo lenyewe. Ngome ilianza kujengwa mwaka 1813, baada ya Vita vya Shela, watu wa Lamu walipowashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa, kisha wakajiegemeza kwa Sultani wa Oman, Seyyid Said, ili wapate kinga. Ilimalizika 1821. Tangu 1910 hadi 1984 serikali iliitumia kama jela. Mwaka huo wa 1984 ilikabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ikakarabatiwa, na leo ndani yake mna makumbusho ya mazingira na hiyo maktaba tunayoipigania.

Tarehe hizo mtu anaweza kuzisoma popote. Tulichokuwa tukikitafuta ni yale ambayo hayajaandikwa. Mzee mmoja wa mtaa wa Langoni alitusimulia kwamba alipokuwa mtoto akitumwa kumpelekea ami yake chakula pale kwenye lango la jela, na tangu siku zile hakupata kulivuka lile lango, ingawa kila siku hupita Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome, akienda sokoni. Tulimwomba aje. Akaja baada ya sala ya alasiri, akatembea polepole huku mkono wake ukigusa ukuta, akauliza ua wa wafungwa ulikuwa upande gani. Kisha akavuta kiti, akaomba gazeti. Kwangu mimi, hakuna tulilolifanya mwaka huu lililozidi hilo. Wako wazee wengine ambao bado hawaingii, na naomba kila mwanachama amlete mmoja.

Katika mahojiano hayo hayo tulijifunza jambo lililobadili hata namna tutakavyoiandika habari yetu. Tulikuwa tumezoea kusema kwamba Lamu ilipata maktaba ya umma Ngome ilipofunguliwa. Wanazuoni wetu walitusahihisha. Kitabu kilichowekwa wakfu msikitini hakiuzwi, hakirithiwi, na mwanafunzi yeyote ana haki ya kukisoma. Hati ya wakfu huandikwa kwenye kurasa za mwanzo za kitabu chenyewe, ili kila anayekifungua ajue masharti. Hiyo nayo ni maktaba ya umma, tena ni ya kale kuliko sheria ya 1965 iliyounda shirika la maktaba la taifa. Msikiti wa Riyadha, uliojengwa na Habib Swaleh aliyetoka Ngazija, una hazina ya miswada ya mkono ambayo katika miaka ya 2010 ilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Sasa mtu aliye London anaweza kuzitazama. Kijana wa mtaa wetu wa Mkomani asiye na intaneti nyumbani anahitaji mahali pa kuzitazama pia, na pendekezo letu ni kwamba mahali hapo pawe Ngomeni. Tutalipeleka kwa wahusika wote, pamoja na serikali ya kaunti, kwa kuwa Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la maktaba.

Kuhusu vitabu vyenyewe, hali hainiridhishi. Kuta za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko hupendeza machoni, lakini hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na mvua za masika zilitupata dirisha moja likiwa limevunjika. Rafu nzima ililowa. Wanachama waliianika karatasi ukurasa kwa ukurasa kivulini, kwa siku tatu, na vingi vikapona. Walioshiriki wanajijua, na nawashukuru kwa dhati. Mchwa hawana msimu, kwa hiyo rafu zimesogezwa mbali na kuta.

Vitabu vya Kiswahili ni vichache mno kwa mji uliotoa washairi wengi namna hii. Masanduku ya misaada yanayovushwa kwa mashua kutoka Mokowe, upande wa bara, na kupandishwa punda hadi Usita wa Mui, njia kuu ya mji, huja na vitabu vya kigeni ambavyo watoto wetu hawaviombi. Naomba kamati mpya ikatae shehena isiyochaguliwa na sisi wenyewe.

Walio na barua za zamani, tenzi za mabibi zao au daftari za madrasa ndani ya makasha, hatuombi wazitoe. Tunaomba tuzinakili mbele yao na kuzirudisha siku hiyo hiyo.

Usafi wa rafu utaendelea kila Alhamisi baada ya alasiri. Leteni vitambaa vya pamba, vikavu.