Filamu ya Jumamosi: A Royal Affair

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi tunaangalia A Royal Affair, filamu ya Denmark ya 2012. Tunaanza saa kumi kamili, si saa kumi na moja yetu ile, maana filamu ina urefu wa zaidi ya saa mbili. Na wale msiopenda mapenzi ya majumba ya kifalme, njooni tu: hii ina siasa kuliko mabusu.

Kisa ni cha kweli. Caroline Mathilde, dada yake George III wa Uingereza, aliozwa akiwa na miaka 15 kwa Christian VII wa Denmark, mfalme mgonjwa wa akili. Akaletwa daktari Mjerumani, Struensee, amtibu mfalme. Daktari akawa mwandani wa mfalme, kisha wa malkia, na mwisho ndiye aliyeendesha nchi. Mwaka 1770 udhibiti wa maandishi ukafutwa, na kutesa washukiwa kukapigwa marufuku. Wakubwa wakanuna. Januari 1772 Struensee akakamatwa baada ya dansi ya vinyago, Aprili akakatwa kichwa. (Msiseme nimewaharibia mwisho, ni historia ya miaka mia mbili na ushee.)

Mtazameni sana Mikkel Følsgaard, ndiye mfalme. Alipata tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Berlin, na kwangu mimi anamfunika hata Mads Mikkelsen, anayeigiza Struensee.

Lugha ni Kidenishi, maandishi ya Kiingereza chini. Anayetaka kufasiriwa akae karibu nami. Bisi zipo, soda kila mtu na yake. Watoto wabaki nyumbani tafadhali. Nithibitishieni kabla ya Ijumaa mchana nipange viti.