Fomu inataka tarehe ya kupona, nami sina

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuo kikuu, nasomea kemia. Nina ugonjwa wa selimundu, ambao wengine huuita siko seli. Nimezaliwa nao. Nakuandikia kwa sababu wiki ijayo nimeitwa kwa mkuu wa idara nieleze kwa nini mahudhurio yangu yako chini ya kiwango, na kila mtu wangu wa karibu ana ushauri wake, tena unaopingana na wa mwenzake. Nahitaji mtu ambaye si mzazi wangu, si rafiki yangu, wala si mwajiriwa wa chuo.

Kanuni ya chuo chetu ni hii: asiyehudhuria angalau robo tatu ya vipindi vya somo haruhusiwi kukaa kwenye mtihani wa mwisho wa somo hilo, na akizuiwa analirudia mwaka unaofuata. Kanuni yenyewe siipingi. Mhadhiri anayeingia ukumbini akakuta nusu ya viti viko vitupu ana haki ya kuuliza, na katika maabara hakuna daftari la kuazima litakalokufundisha mkono wako kufungua bomba la asidi tone kwa tone. Anayepatwa na dharura anajaza fomu, anaambatisha karatasi ya daktari, anaipeleka kwa mhadhiri ndani ya siku tatu za kazi, kisha nakala inakwenda ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Kwa aliyevunjika mguu utaratibu huu unatosha kabisa. Nimemwona mwenzangu akiutumia, hakusumbuliwa na mtu.

Kwangu unakwama kwenye ile fomu. Ni ya ukurasa mmoja. Juu unaandika jina, namba ya usajili na somo. Katikati kuna visanduku viwili, kimoja kimeandikwa “Tarehe ya kuanza kuugua” na cha pili “Tarehe ya kupona”, halafu chini pana nafasi ya mhuri. Mara ya kwanza niliacha kisanduku cha pili wazi. Karani akanirudishia, akasema fomu isiyokamilika haipokelewi. Nikamweleza kwamba ugonjwa huu nimezaliwa nao na bado ninao. Akanitazama kwa huruma ya kweli, akaniambia, “Basi mdogo wangu, andika hata tarehe ya leo.” Nikaandika ya leo, maana muda wa kuwasilisha ulikuwa unaisha. Tangu hapo ndivyo tunavyofanya, na matokeo yake, shangazi, katika faili langu mimi ni mtu aliyeugua akapona, akaugua tena akapona tena, muhula mzima. Mkuu wa idara akilifungua atajiuliza huyu binti ana mwili gani. Hakuna mahali hata pamoja palipoandikwa kwamba zote hizo ni habari ya ugonjwa mmoja.

Nikueleze kidogo jinsi unavyokuja, ili ujue kwa nini karatasi zangu hazitimii. Chembe nyekundu za damu za mtu mwingine ni za mviringo, laini, zinapenya popote. Zangu zikikosa oksijeni hukakamaa na kujikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo, na sehemu iliyozibwa huuma. Kwangu huanza kwenye miundi, halafu mgongo wa chini. Baridi huuamsha, kadhalika kukosa maji mwilini, homa, uchovu wa kukesha. Zaidi ya maumivu, chembe hizo hazidumu: za kawaida huishi siku 120 hivi, za mgonjwa wa selimundu huishi kama siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo maana hata siku nisipoumwa naweza kupanda ngazi za ghorofa ya tatu nikafika mlangoni siwezi kuzungumza. Natumia haidroksiyurea kila siku na imenisaidia sana. Maumivu yamepungua, lakini hayajaisha.

Sasa sikiliza. Daktari wangu wa kliniki amenifundisha tangu mdogo kwamba maumivu ya kawaida niyatibu chumbani: maji mengi, dawa ya maumivu, joto, kupumzika. Hospitali nikimbilie nikiwa na homa, kifua kikibana, pumzi ikiwa fupi, au dawa zikishindwa. Ni mafundisho sahihi na yameniweka hai. Lakini ukijitibu chumbani hupewa karatasi. Kwa hiyo siku ninazofuata maelekezo ya daktari wangu vizuri kabisa ndizo chuo kinazozihesabu kuwa utoro. Nikitaka ziwe halali, niamke na maumivu, nikapange foleni kwenye zahanati ya chuo kwenye benchi la saruji, nikamweleze daktari wa zamu ambaye hajawahi kuniona, anipe karatasi inayosema nilitibiwa siku hiyo. Na itasema siku hiyo tu. Siku zinazofuata, ambazo maumivu yameondoka lakini mwili umekwisha, hazimo.

Kuna njia ya mkato, na nitakutajia kwa kuwa rafiki zangu wanaiona ndiyo ufumbuzi. Karatasi ya mahudhurio inapitishwa kutoka kiti hadi kiti, mhadhiri akiwa ameshaanza kufundisha. Kusainiana ni jambo la kawaida. Wapo wanaoonekana chuoni wakati wa testi tu na mahudhurio yao yamekamilika. Mwenzangu wa chumbani anaijua sahihi yangu na amejitolea. Nimekataa. Kwanza ni udanganyifu, na yeye akikamatwa naye anaadhibiwa. Pili, siku nikizidiwa, nataka iandikwe kwamba sikuwepo. Nikisainiwa, ugonjwa wangu unafutika kwenye kumbukumbu kabisa, halafu nikishindwa mtihani nitaonekana mvivu aliyehudhuria kila kipindi. Rafiki zangu wananiona mkaidi. Inaniuma kwamba wanaosaini bila kuwepo wanaingia kwenye mtihani kifua mbele, mimi niliyesema kweli ndiye ninayeitwa kujieleza.

Halafu kuna suala la siri. Fomu inapita kwa kila mhadhiri wa kila somo, na karatasi ya daktari imeandika ugonjwa kwa jina. Muhula uliopita mhadhiri mmoja alimtuma mwakilishi wa darasa aniulizie, naye, bila nia mbaya, akaandika kwenye kundi la simu la darasa kwamba “mwenye siko seli apeleke karatasi zake kabla ya Ijumaa.” Darasa zima likajua. Hakuna aliyenitukana. Ila tangu siku ile tukigawana kazi za vikundi napewa kuchapa jalada na orodha ya majina. Wanasema wananipumzisha. Shangazi, mimi hesabu za kazi za maabara nazipenda, na nilikuwa nazifanya vizuri kuliko wengi wao.

Mtu aliyenisaidia kwa dhati ni mnasihi wa wanafunzi. Niliingia ofisini kwake nikidhani ataniambia nijipe moyo. Aliniuliza tu, “Ukiumwa, unakosa nini hasa, na kipi kinaweza kurudishwa?” Tukakaa tukaandika. Mihadhara inaweza kurudishwa kwa rekodi ya sauti na madaftari. Kazi za nyumbani kwa kuongezewa siku. Maabara kwa kuungana na kundi la siku nyingine wiki ileile. Semina za majadiliano ndizo ngumu, na tulikubaliana hizo nizipe kipaumbele kuliko kitu kingine nikiwa na nguvu kidogo tu. Hakuna aliyewahi kunigawia tatizo langu vipande namna hiyo. Nilitoka pale nikiwa nimepumua.

Akanieleza pia kwamba chuo kina kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Ukisajiliwa huko, daktari wako wa kliniki anaandika barua moja mwanzoni mwa mwaka, kitengo kinatoa barua kwa wahadhiri isiyotaja ugonjwa, inayosema tu kwamba mwanafunzi huyu ana hali ya kudumu na anastahili hiki na hiki. Hakuna karatasi ya kila siku, hakuna tarehe ya kupona. Nilipoona hivyo nikajiuliza kwa nini jambo hili halikusemwa siku ya kwanza, kwenye ile wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya, ambapo tulitembezwa hadi kwenye viwanja vya michezo.

Tatizo ni kwamba kusajiliwa kunataka nitie sahihi kuwa mimi ni mtu mwenye ulemavu. Baba hataki kusikia. Anasema sina kasoro ya kiungo, na neno hilo likishaandikwa litanifuata hadi kwenye ajira na kwenye ndoa. Mimi mwenyewe nilisita kwa sababu nyingine: katika kitengo kile kuna wenzangu wasioona wanaosubiri vitabu vya nukta nundu, na niliogopa kukaa kwenye foleni yao. Mnasihi akanionyesha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006. Kifungu cha 1 hakizungumzii viungo tu, kinataja hali za muda mrefu ambazo zikikutana na vikwazo humzuia mtu kushiriki sawa na wengine. Kifungu cha 24 kinataka watu hao wafikiwe na elimu ya juu bila ubaguzi, na wafanyiwe marekebisho yanayofaa. Nilikisoma kifungu cha 1 polepole, nikajiona ndani yake. Baba nikamsomea kwenye simu. Akanijibu, “Hayo ni ya mikataba, mimi nazungumzia watu.”

Ushauri wake yeye ni niahirishe mwaka. Nirudi nyumbani, nipate nguvu, kisha nianze upya. Mkuu wa idara naye, kwa ujumbe aliomtuma katibu wake aniambie, anaelekea hukohuko, na anasema ni kwa faida yangu. Najua wote wawili wananitakia mema. Lakini hebu nisaidie kufikiri: nikiahirisha mwaka, nitarudi na ugonjwa uleule, fomu ileile, kanuni ileile. Wenzangu watakuwa wametangulia na ufadhili wangu utakuwa umesimama. Kuahirisha kunamfaa mwenye jambo litakaloisha.

Nilimpa baba mfano mmoja. Mgonjwa wa kwanza wa selimundu kuelezwa katika maandishi ya kitabibu ya nchi za Magharibi alikuwa mwanafunzi wa chuo. Aliitwa Walter Clement Noel, kijana wa kutoka Grenada aliyekwenda Chicago mwaka 1904 kusomea udaktari wa meno. Daktari James Herrick ndiye aliyechapisha habari zake mwaka 1910. Noel aliugua na kulazwa mara kwa mara akiwa masomoni, katika mji wa baridi kali, zama ambazo hakuna aliyejua ana ugonjwa gani, na bado alihitimu mwaka 1907 akarudi kwao kufanya kazi yake. Nilidhani nimeshinda. Baba akauliza, “Alifariki lini?” Nikamwambia mwaka 1916. Akahesabu mwenyewe, maana nilikuwa nimeshamtajia kuwa alizaliwa 1884, akanyamaza. Nilimweleza kwamba wakati huo hakukuwa na dawa ninayotumia mimi wala kliniki kama yangu, lakini niliona mazungumzo yameshakwisha. Kumbe anachoogopa baba si neno ulemavu peke yake. Mama yeye haongei, ananiuliza tu kama nimekunywa maji.

Kwa hiyo, shangazi, naomba unisaidie katika haya.

Nisajiliwe kwenye kile kitengo hata kama baba hajaridhia? Nina umri wa kutia sahihi mwenyewe, na mnasihi amenihakikishia kwamba usajili ule hauonekani kwenye cheti wala kwenye orodha ya matokeo. Lakini sijawahi kufanya jambo kubwa kwa kumficha baba, na kumficha sitaki. Je, nimwambie kwanza nikubali hasira yake, au nimwombe mnasihi azungumze naye?

Katika kikao cha wiki ijayo, niingie na barua ya daktari wangu inayoeleza ugonjwa kwa ukamilifu, au nishikilie siri yangu na kuomba kitengo kiseme kwa niaba yangu? Mkuu wa idara ni mtu wa haki, ila ni mtu wa karatasi. Nahofia nisipomweleza kinagaubaga ataona nakwepa, na nikimweleza nitakuwa nimezoea tena kumwaga siri yangu kila ninapoulizwa. Mnasihi amesema yuko tayari kuingia nami. Je, mwanafunzi akiingia na mnasihi kwenye kikao kama hicho, huonekana amekuja kupambana?

Vilevile yale mahudhurio yaliyokwishapotea muhula huu, naweza kuomba yaangaliwe upya kwa barua ya daktari iliyoandikwa leo kuhusu siku zilizopita? Daktari yuko radhi kuandika kwamba ndivyo alivyonielekeza, nijitibu chumbani. Naona hiyo ni hoja yangu yenye nguvu kuliko zote, lakini sijui nianze nayo au niiache mwishoni.

La wenzangu wa kikundi nadhani nitaliweza mwenyewe. Wiki hii nimewaambia sehemu ya hesabu ni yangu na nimeshaianza.

Kikao ni Alhamisi asubuhi. Nitashukuru nikipata jibu lako kabla ya hapo, hata likiwa fupi.

Wako mwanao,
Mwanafunzi wa mwaka wa pili