Kwa Vijana Mnaoanza Kazi ya Ubaharia

Wanangu,

Wengi wenu hunitaka niwasimulie habari za dhoruba. Dhoruba nimeziona, ila siyo zinazonirudia usiku. Anayenirudia ni serahangi wetu, yaani mkuu wa mabaharia wa sitaha, kwenye meli yangu ya pili ya mizigo, mtu wa maneno machache, na kazi yake ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa kukaa.

Lilipofunguliwa tangi la maji ya farumi, yale ya kuipa meli uzito isiyumbe, ili mtu ashuke kukagua, yeye aliketi ukingoni mwa tundu, kamba ya aliyeingia ameipitisha kati ya vidole viwili. Hakuikaza. Kila baada ya muda aliivuta kidogo, akangoja mpaka wa chini naye avute. Ukimsemesha wakati huo hakukujibu, hata ungekuwa nahodha.

Siku moja niliangusha spana kwenye chumba cha mnyororo wa nanga. Nikaiona pale chini inang'aa, vipandio vichache tu vya ngazi. Nikatia mguu. Akanidaka ukosi wa ovaroli, akanivuta nyuma mpaka nikakaa kitako. Kisha, bila kunigombeza, akateremsha kipima hewa kwa kamba. Hewa tunayovuta ina oksijeni karibu asilimia 21. Kipimo kilisoma 9. Kutu ya mnyororo ilikuwa imeila hewa ya mle ndani kimyakimya, na mimi nilikuwa nimeingiza kichwa bila kusikia harufu yoyote.

Hilo ndilo nataka mlishike. Oksijeni ikipungua haikupigii hodi. Magoti yanalegea, umekwisha. Na wanaofia matangini si wale walioingia kwanza tu, bali mara nyingi na wenzao waliowakimbilia kuwaokoa. Ndiyo maana alituambia: akianguka mwenzio, kimbilia king'ora, usikimbilie ngazi. Ni jambo gumu mno kumtazama rafiki amelala chini nawe unasubiri mtungi wa hewa uletwe. Lifanyeni hivyohivyo.

Tangu mwaka 2015 mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unataka mazoezi ya kuingia na kuokoa watu kwenye sehemu zilizofungwa yafanyike angalau kila miezi miwili. Nakusihini, msitie sahihi mazoezi ambayo hayakufanyika. Kwenye meli moja niliona karatasi zikijazwa mezani, nikanyamaza kwa kuogopa kunyimwa mkataba mwingine. Ukimya ule unaniuma hadi leo.

Serahangi alimaliza mkataba wake kabla yangu. Asubuhi ya kuondoka alishuka ngazi ya meli na begi begani, akafika nusu, akasimama, akageuka kunitafuta kwa macho.

"Kesho wanafungua tangi namba tatu," akasema. "Nani anakaa mlangoni?"

Nikamwambia, mimi. Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kushuka.

Mzee wenu wa baharini