Shosti, kuhusu mwanao na saa

Shosti wangu,

Za Morogoro? Watoto hawajambo? Meseji yako nimeisoma mara mbili, ile ya kwamba mwanao yuko darasa la nne na mpaka leo saa ya ukutani haijui, na mwalimu kamwita mvivu mbele ya wenzie. Imeniuma sana. Wangu nae aliitwa hivyohivyo mpaka tulipokuja kujua ni disleksia, na hiyo si uvivu wala si akili ndogo, ni namna ubongo unavyoshika herufi na namba na mpangilio, na saa yote ni mpangilio, ndo maana inawatesa.

Halafu sisi Waswahili tunawaongezea mzigo bila kujua. Siku moja asubuhi mshale mfupi uko kwenye 7, namwambia vaa viatu saa moja hii, akaitazama saa, akanitazama mimi, akaanza kulia. Mtoto kila siku anaambiwa umesoma vibaya, sasa anaona saba kabisa na mama yake anasema moja, si ataona macho yamemdanganya tena? Nikakata vikaratasi nikaandika namba zetu kwa kalamu nyekundu, nikabandika nje ya duara, 1 pembeni ya 7, 2 pembeni ya 8, hivyo hivyo mpaka nikamaliza mzunguko. Kilio kikaisha.

Ila usianze na mishale miwili. Mimi nilikata saa ya boksi yenye mshale mfupi tu, wiki tatu nzima ni huo huo, umegusa moja, umeipita moja kidogo, unakaribia mbili, basi. Dakika zilikuja baadae na hapo ndo palikuwa na shughuli, maana 3 ileile mara ni saa tisa mara ni robo. Nusu ya kulia nikapaka kijani, hiyo ni ya "na", ya kushoto njano, hiyo ya "kasoro", kwa sababu kulia na kushoto anachanganya mpaka leo lakini rangi hachanganyi. Na mfundishe kwa Kiswahili kwanza, sisi tunataja saa ndo dakika zinafuata, saa mbili na robo, Kiingereza cha shule kinatanguliza dakika na mtoto anapotelea hapo. Ya kwenye simu aisome tu, ila haimuonyeshi muda umebaki kiasi gani.

Usimuulize saa ngapi mbele za wageni, tafadhali.

Juzi usiku tunasubiri wali uive, wangu mwenyewe kaniambia, mama mshale mrefu bado uko njano, saa mbili haijafika. Nikashindwa hata kujibu shosti, nikamkumbatia.

Ya mwanao nimeshaikata na kuipaka rangi, nitaituma na basi la Jumamosi. Ibandike chini, aifikie kwa mkono.

Wako
Mama wawili