Mzigo wa mgeni haujaibiwa, nendeni Kange mkautafute

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako. Mie ni mkazi wa Makorora hapa Tanga, nyuma ya nyumba nina vyumba viwili napangisha na wapangaji wangu wengi ni wageni, walimu wapya, manesi, vijana wa chuo, na kila anaehamia haipiti miezi mitatu lazima nimkute kakaa barazani kashika simu, macho mekundu, mzigo aliotumiwa na kwao haujulikani ulipo. Na sisi wenyeji jibu letu ni moja tu, aah huo umeshapigwa huo, sahau.

Hilo jibu ndo limenifanya niandike maana mara nyingi sio kweli. Tunapenda tu kusema, inakuwa kama sifa vile, ati mji wetu una wajanja.

Mwezi uliopita mpangaji wangu mmoja, mwalimu katokea Singida, mama yake kamtumia boksi kwa basi na ndani kuna vyeti vyake halisi, sio kopi. Siku ya nne kapiga simu ofisi ya mizigo kaambiwa haujafika, siku ya sita haujafika, siku ya nane simu haipokelewi. Jirani kashamwambia aende polisi akachukue loss report aanze kufuatilia vyeti vipya. Nikamwambia mwanangu hebu vaa viatu twende.

Tangu mabasi ya mikoani yahamie stendi ya Kange wageni wengi hata hawajui kwamba kuulizia kwa simu ni kitu kingine na kwenda kusimama dirishani ni kitu kingine kabisa. Tumefika pale kijana kafungua daftari, kapitisha kidole, hakuna. Nikamuuliza hilo daftari la lini baba, akasema la wiki hii, nikamwambia haya lete la wiki iliyopita. Akasita kidogo, akalitoa chini ya meza limekunjwa katikati, na haikufika kurasa tatu tukaliona, "boksi 1, Ticha, Tanga". Bas. Hakuna jina la mtu, na namba ya simu tarakimu mbili za mwisho zimegeuzwa, 46 imekuwa 64. Yule kijana anasema mama hiyo namba tulipiga, akapokea mzee mmoja akatutukana, tukaacha.

Kingine kumbe boksi lilianza na basi moja likahamishiwa basi la kampuni nyingine njiani, sasa ile risiti ya mwanzo alokuwa nayo mama mtu kule Singida namba yake huku haisomi kokote, na huyu binti wiki nzima anawatajia namba hiyo hiyo!

Boksi lenyewe lilikuwa stoo chini ya gunia la vitunguu, ubavu mmoja umelowa maji ya ndoo ya samaki ya mtu mwingine, wino wote umechuruzika. Ila mama wa Singida ana akili, vyeti kavitia kwenye nailoni, nailoni kaizungushia khanga, na juu kaweka chupa ya asali. Vyeti vikavu. Binti kalikalia boksi pale pale stendi anacheka mwenyewe, watu wanamwangalia.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaohamia huku, mkitumiwa kitu mwambieni alietuma aandike jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, sio Ticha, sio Mama Junior, maana dirishani utaombwa NIDA na NIDA yako haijaandikwa Mama Junior. Aandike namba mbili za simu na aandike pembeni mbili za boksi, akupigie na picha kabla halijapakiwa. Af muulize gari gani limepakia na kama linabadilishwa popote, hapo ndo pa kuanzia kutafuta.

Za posta nazo zina mambo yake. Wengi wetu tunatumia sanduku la watu, la shule, la msikiti, la kanisa, la kazini, na kosa linakuja pale pale, barua imeandikwa S.L.P. tu bila kutaja ya nani, mwenye ufunguo kaitoa kaitupia kwenye droo. Nimewahi kukuta kwenye kabati la ofisi moja barua zimefungwa na mpira pembeni ya boksi la chaki, na ndani yake vile vikaratasi vya kukuita dirishani kuchukua rejista, yaani barua au kifurushi kilichosajiliwa posta, vimekauka. Mgeni atajuaje kama kuna kikaratasi? Muulize mwenye ufunguo, tena muulize ana kwa ana. Na kama ni rejista au EMS, ile huduma ya haraka ya posta, omba ile namba ya ufuatiliaji, herufi mbili mbele, tarakimu 9, kisha herufi mbili za nchi ilikotoka, ikiwa ya kwetu ni TZ. Ikianza na R ni rejista, ikianza na E ni EMS. Ukifika kaunta na namba hiyo hata mazungumzo yanabadilika.

Wanasema Tanga waja leo waondoka leo, na wote tunajua hawaondoki, sasa kwanini mtu anaekuja kuishi na sisi tumpokee kwa kumwambia kaibiwa. Nusu siku tu nimeipoteza na nauli ya daladala ya kwenda na kurudi.

Na ninyi wa ofisi za mizigo nawaomba jambo dogo tu, kila Jumamosi bandikeni ukutani karatasi ya mizigo ambayo haijachukuliwa, hata kwa mkono, hata kwa wino unaochuruzika, mtu apite asome mwenyewe asisubiri kidole cha kijana kipite kwenye daftari la wiki hii.

Halafu kuna sufuria kubwa limefungwa ndani ya mkeka, limeandikwa "Mama Zai Pongwe", nililiona stoo humo humo nyuma ya mlango, lina vumbi. Kama ni wako mama, lipo.

Mwenye nyumba,
Makorora, Tanga.