Watoto wa darasa la awali wapewe vitu vya kupanga

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme jambo kuhusu namna watoto wa darasa la awali hapa Tanga wanavyofundishwa maumbo, kwa kuwa naona tunawahimiza wakariri majina kabla hawajapata wasaa wa kushika vitu vyenyewe na kuvitenga kwa makundi.

Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilipoifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja, na hasa baada ya ada kuondolewa mwaka 2016, madarasa haya yamefurika, na mwalimu hana budi kutafuta njia ya kuwashughulikisha watoto wote kwa pamoja. Njia iliyo karibu ni chati ya ukutani: mwalimu anagusa kwa fimbo, darasa zima linaitikia "duara", "mraba", "pembetatu". Simlaumu. Lakini tazama chati zilizo nyingi utaona pembetatu ni moja tu, yenye pande sawa, iliyokaa kitako. Mtoto aliyeizoea hiyo, akionyeshwa pembetatu nyembamba iliyolala ubavu, huenda akaikataa, na mraba ukizungushwa ukasimama juu ya pembe yake, wapo wengi watakaosema kuwa si mraba tena. Wamelijua umbo kama mtu anayemjua jirani yake kwa kanzu anayovaa. Bado hawajaona kwamba linaloifanya pembetatu iwe pembetatu ni pande zake tatu zilizonyooka na kukutana, vyovyote itakavyogeuzwa.

Kazi ya kuainisha ndiyo inayomlazimisha mtoto aitafute sifa hiyo. Mpe rundo la vizibo vya soda, vifuu, makombe ya baharini na vipande vya mbao, mwambie aweke pamoja vinavyofanana, kisha unyamaze. Jean Piaget na Bärbel Inhelder, waliochunguza fikra za watoto huko Geneva, Uswisi, walieleza kwamba mtoto mdogo anaweza kuweka duara jekundu kando ya mraba mwekundu kwa ajili ya rangi, kisha akauongeza mraba wa buluu kwa ajili ya umbo, na katikati ya kazi akayaacha yote hayo akajenga nyumba. Mwalimu mwenye haraka atasema amekosea. Mwenye subira atamuuliza, "Kwa nini umeviweka hivi pamoja?", na akishajibu atamwambia avichanganye tena na kuvipanga kwa njia nyingine. Agizo hili la pili ndilo gumu, na kwangu mimi ndilo lenye faida zaidi, kwa sababu mtoto anatakiwa akubali kwamba kizibo kilekile kilichokuwa miongoni mwa vyekundu sasa kinahamia kwa vya duara, ilhali chenyewe hakijabadilika.

Mji wetu hauna upungufu wa mifano. Mtoto anayefuatana na mzazi wake kwenye soko la samaki la Deep Sea huwaona samaki wakitengwa kwa mafungu, changu huku na tasi kule, wadogo mbali na wakubwa, pweza peke yake. Mbele ya changu watano na tasi wawili, muulize mtoto wa miaka mitano: hapa changu ni wengi, au samaki ni wengi? Yamkini atajibu kuwa changu ni wengi. Piaget aliuliza swali la namna hiyo kwa shanga za mbao na kwa maua, akakuta kwamba watoto wengi hawalijibu sawasawa mpaka wafikie miaka saba au minane hivi. Si kwamba mtoto hajui kuhesabu. Anachoshindwa ni kuliweka akilini kundi dogo pamoja na kundi kubwa linalolibeba kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kumgombeza hakumsaidii, bali kumpa mafungu mengi ya kupanga na kupangua kunamwandaa, na kujumlisha na kutoa kwa darasa la kwanza kunahitaji uelewa huohuo wa sehemu na jumla.

Kuhusu vifaa, sioni sababu ya kusubiri bajeti. Kuna seti ya vipande 48 inayojulikana kwa jina la mwanahisabati Zoltán Dienes: maumbo manne, kila moja kwa rangi tatu, kwa ukubwa wa aina mbili na kwa unene wa aina mbili, hata hakuna vipande viwili vilivyo sawa kwa kila kitu. Fundi seremala yeyote wa Ngamiani anaweza kuikata kutokana na mabaki ya mbao. Watoto wakishaizoea, mwalimu huficha kipande kimoja nao wakatafuta ni kipi kwa kuwapanga ndugu zake waliobaki. Darasa likiwa kubwa, watoto watano au sita wakae mkekani kwa zamu huku wenzao wakichora. Vitu vidogo kama shanga na mbegu visiachwe mahali wanapofika wadogo zao wa chini ya miaka mitatu, maana huvitia mdomoni vikawakaba.

Kikwazo kikubwa, kwa maoni yangu, ni sisi wazazi tunaotaka kuona daftari limejaa. Alasiri ya kupanga vifuu haiachi alama ya wino, na mwalimu anaogopa kuonekana hakufundisha. Ninawaomba wathibiti ubora wa shule wa halmashauri zetu, wanapotembelea madarasa ya awali, waketi kidogo kando ya mkeka, wamuulize mtoto sababu ya makundi yake, na wayaandike majibu hayo katika taarifa zao pamoja na yale wanayoyakuta madaftarini.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga.