Dakika tatu tu, hela yote hiyo?

Mwezi uliopita mama mmoja anayeuza dagaa mwaloni Kirumba alitoka chumbani kwangu, ninapotibu sonona (huzuni nzito isiyoisha) kwa mapigo ya sumaku kichwani, amefura. "Mwanangu, dakika tatu tu, hela yote hiyo?" Si wa kwanza. Koili, yaani waya uliozungushwa unaotoa sumaku, inagonga kichwani ta-ta-ta kama kigogota, halafu basi, mtu anaambiwa ashuke kitini.

Nikamjibu: mama, hata wewe sado ya dagaa unaimimina mara moja, lakini nyuma yake kuna usiku mzima wa karabai ziwani. Dakika hizo 3 zina mapigo 600 ya sumaku. Kikao cha zamani cha sonona kilikuwa dakika 37 na ushee. Hiki kifupi kilipolinganishwa nacho, wagonjwa walipata nafuu ileile. Na siku ya kwanza nilikaa naye karibu saa nzima nikitafuta gumba: nasogeza koili kidogo kidogo upande wa kushoto mpaka gumba la kulia liruke lenyewe. Anthony Barker na wenzake waliurusha mkono hivyo kule Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Nguvu iliyolirusha gumba lako ndiyo kipimo chako, ya jirani haikufai. Kisha naisogeza koili mbele kidogo, hapo pa kutibia natia alama kwenye kofia aliyovaa.

Kijana mmoja mwenye kifaa cha usikivu kilichopandikizwa nilimrudisha nyumbani, maana kifaa hicho na sumaku yetu haviendi pamoja. Alikasirika, ila hela yake sikuigusa.

Kinachoniumiza ni "nipige vikao vitano tu nione". Dozi ni siku 5 kwa wiki, wiki 4 hadi 6. Mteja wa Ukerewe alifika vikao 8, usingizi ukarudi, akapanda kivuko kwenda zake Nansio. Dawa zake za kumeza nazo akaziacha siku hiyohiyo, bila kumuuliza daktari. Miezi miwili baadaye kaka yake akamleta, haogi, hasemi. Tukaanza moja. Akalipa mara mbili, na mwizi nikawa mimi.

Wengine hunionyesha mikanda ya sumaku ya wachuuzi. Sumaku yetu inawaka na kuzima kwa kasi, ndipo umeme mdogo unazaliwa ndani ya ubongo. Iliyotulia kwenye mkanda ibandikie karatasi kwenye friji.

Mama wa dagaa jana alikuwa kikao cha 14. Bado anaitazama saa ya ukutani.